Mseto, Mchanganyiko au Mchafukoge? Mwongozo wa Kuchagua Neno la Vitu Vilivyochanganyika

Hoteli moja ya Malindi iliwahi kunipa menyu yake niipitie kabla haijaenda kwa mpiga chapa. Kwenye ukurasa wa pili palikuwa na picha ya sinia iliyojaa samaki wa kukaanga, kamba, ngisi na pweza, na juu yake maandishi makubwa: "Mchafukoge wa Bahari." Aliyeyaandika alikuwa amefungua kamusi kutafuta neno la vitu vingi vya aina nyingi mahali pamoja, akaliona hilo, akalipenda mlio wake. Mpishi aliposomewa alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Sasa mwenye njaa ataagiza hicho?" akauliza.

Kazi yangu ni kuandika mabango, menyu na matangazo, Malindi na Lamu, na kosa la namna hiyo nalikuta mara kwa mara. Kiswahili kina maneno tele ya vitu vilivyochanganyika, lakini hayapokezani zamu. Kila neno limebeba picha yake, na ukilikosea msomaji huiona picha hiyo hata kama wewe hukuikusudia. Nitaeleza namna ninavyochagua, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe mezani.

Hatua ya kwanza: kitazame kitu, kamusi iache kwanza

Jiulize maswali mawili. La kwanza: nikitaka kuvitenganisha vitu hivi tena, nitaweza? La pili: kuna aliyekusudia vichanganyike?

Chukua fungu la samaki sokoni Lamu, pale karibu na Ngome. Ndani mna changu wawili, tafi watatu na pono mmoja. Muuzaji amewapanga kwa kusudi, na ukifika nyumbani unaweza kumweka kila mmoja mbali. Chukua sufuria ya wali uliopondwa pamoja na pojo: hapo pia kuna kusudi, ila kuvitenganisha haiwezekani. Halafu chukua chumba ambacho mvua imepitia paa usiku, viatu vimeelea, madaftari yamelowana, unga umemwagika juu ya nguo. Hakuna aliyekusudia. Hali hizo tatu zina maneno matatu, na menyu ya Malindi ililitwaa neno la chumba ikaliweka kwenye sinia.

Hatua ya pili: uliza kama mchanganyiko huo una jina lake

Hatua hii hurukwa sana, nayo ndiyo inayookoa kazi nyingi. Vitu vikichanganywa kwa namna ileile vizazi na vizazi, watu huvipa jina moja, na jina hilo huzidi maelezo yoyote. Kitunguu, nyanya, pilipili, chumvi na ndimu ni kachumbari, basi. Jira (wengine huiita bizari nyembamba), mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga zikikutana kwenye karatasi moja huwa bizari ya pilau, na muuza viungo ukimwomba "mchanganyiko wa viungo" atakuuliza wa nini.

Mfano ninaoupenda ni kikuba. Jioni, kabla asumini haijafunguka, vitumba vyake huchumwa na kutiwa kwenye sahani yenye maji kidogo. Huongezwa majani ya mrehani, na vipande vya mkadi vilivyokatwa vidogovidogo, maana mkadi mzima harufu yake hufunika kila kitu. Vyote hufungwa pamoja kwa uzi, kifundo kidogo kisichozidi kiganja, na mwanamke hukibana kwenye nywele au kifuani. Usiku kucha asumini hufunguka taratibu ndani ya kile kifundo. Ukikiita "mchanganyiko wa maua" umesema kweli, na hujasema kitu.

Tahadhari moja: jina lenyewe linaweza kuwa na vitu viwili. Achari ni maembe au ndimu zilizokaa kwenye chumvi na pilipili, za kuliwa na wali. Achari ni vilevile vile vipande vya embe vilivyokaushwa, vyekundu, vya sukari na pilipili, wanavyonunua watoto wakitoka shule na kurudi nyumbani na ndimi zenye rangi. Bango likisema "achari" tu, mteja mmoja kati ya wawili atatoka amenuna. Andika "achari ya ndimu" au "achari ya watoto."

Hatua ya tatu: kama jina hakuna, tafuta kitenzi

Nomino zetu nyingi za mchanganyiko zimezaliwa na vitenzi vya mkono. Ukijua mkono ulifanya nini, neno linakuja lenyewe.

Anza na *kuseta*, yaani kuponda kwa kukandamiza. Mama mkubwa wangu, wa mtaa wa Langoni huko Lamu, akipika mseto huzitanguliza pojo motoni kwa sababu zinachelewa kuiva. Zikianza kupasuka humwaga mchele, chumvi, na tui la nazi. Sufuria hufunikwa mpaka maji yapungue. Kisha huja mwiko, na hapo ndipo utazame mkono wake: mwiko hauzunguki. Unakibana chakula kwenye ubavu wa sufuria, unakiachia, unakibana tena. Akimaliza, huwezi kuchagua punje ya mchele ukaiweka kando. Kwa hiyo mseto ni vitu viwili au zaidi vilivyounganishwa kwa kusudi mpaka vikawa chakula kimoja.

Ukiijua sufuria hiyo utaona kwa nini neno lilipanda ngazi likaingia hata ikulu. Baada ya mzozo wa uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini mapatano tarehe 28 Februari 2008, na serikali iliyozaliwa ikaitwa serikali ya mseto. Barazani watu waliibatiza jina jingine, serikali ya nusu mkate. Yote mawili ni majina ya chakula, lakini yanapingana. Mseto umesetwa ukawa kitu kimoja, mkate umekatwa kila mtu akaondoka na kipande chake. Aliyesema "mseto" alikuwa anatumaini, aliyesema "nusu mkate" alikuwa anawatazama mikono.

Mseto pia husimama nyuma ya nomino bila kuhitaji "wa": kilimo mseto, dawa mseto. Dawa mseto ya malaria ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, hivyo neno limekaa mahali pake. Kilimo mseto ni miti na mazao kwenye shamba moja. Ukitaka kusema mazao pamoja na mifugo, wengi husema kilimo mchanganyiko. Tofauti hiyo usiidharau ukiwa unaandika tangazo la mafunzo ya wakulima, kwa sababu atakayekuja na swali la mbuzi atakuta somo la miche.

*Kukoroga* ni kuzungusha kitu chenye majimaji: uji, chai, rangi. Nomino yake, mkorogo, ni mtego. Kwa maana ya kawaida ni kitu kilichokorogwa, lakini ukilitamka mbele ya wanawake wa mjini wataelewa krimu zilizochanganywa za kujichubua ngozi. Niliwahi kuona kibanda cha juisi kimeandikwa "Mkorogo wa Matunda." Juisi ilikuwa nzuri, jina likamharibia. Andika "juisi ya matunda mchanganyiko," au "kokteli" kama wanavyosema wateja wenyewe, na vijana watakuambia "miksi."

*Kuchanyata* ni kukata vipande vidogo, na mchanyato ni ndizi, muhogo, viazi na vinginevyo vilivyokatwa vikapikwa pamoja. Hapa, tofauti na mseto, kila kipande bado unakitambua sahanini. Neno hili linafaa kuliko lilivyozoeleka kutumika. Makala yenye habari fupifupi, kila moja na lake, ni mchanyato hasa.

Na *kuvuruga*? Huko ni kutibua kilichokuwa kimetulia. Maji ya kisima yametuama, ukitia ndoo kwa pupa, umeyavuruga. Nilipokuwa mdogo nikipewa mwiko nisaidie jikoni, mama mkubwa alikuwa akiniambia, "Tanganya, mwanangu, usivuruge." Sentensi hiyo moja ina somo zima. Mkono ni uleule na sufuria ni ileile. Tofauti ni kwamba mmoja anajua anakokwenda.

*Tanganya* yake, yaani changanya, ni Kiamu cha kawaida, lahaja ya Lamu, ambamo mahali pengi penye *ch* ya Kiswahili sanifu husikika *t*: mchele ni mtele, mchanga ni mtanga, chewa ni tewa. Usimsahihishe mtu. Umbo hilo la *t* limeingia hata katika lugha rasmi kwa mlango mwingine, maana tuna tangamana, kuwa pamoja na watu kwa wema, na kutoka hapo mtangamano wa Afrika Mashariki. Pacha wake, changamana, alikwenda njia yake akazaa changamano, yaani kitu chenye sehemu nyingi zilizofungamana, kama vile sentensi changamano ya darasani. Ukiandika "jamii tangamano" na "jamii changamano" umeandika mambo mawili.

Hatua ya nne: mchanganyiko, neno la kila siku, na sarufi yake

Ukikosa jina maalumu na kitenzi hakikusaidii, tumia mchanganyiko. Halibebi sifa wala lawama. Linafaa kwa saruji na mchanga, kwa rangi, kwa wasikilizaji, kwa hisia. Ubaya wake ni uleule wa kufaa kote: likijirudia mara nne katika ukurasa, ujue mwandishi hakutazama.

Makosa yako kwenye vinyambuo. *Changanyika* ni kuingiana: "Wageni wamechanganyika na wenyeji." *Changanyikiwa* ni kupotewa na fahamu au mwelekeo: "Wageni wamechanganyikiwa." Silabi moja tu imeongezeka, na watalii waliokuwa wakifurahi ngomani sasa wanahitaji daktari. Nimeliona kosa hili kwenye tangazo la tamasha, na waandaaji hawakujua kwa nini watu wanalipiga picha. Kuna na matumizi ya mitaani, "gari limechanganya," maana yake limeshika kasi. Hilo liache mdomoni, usilitie kwenye tangazo.

Upatanisho hufuata mchanganyiko wenyewe, si vilivyomo: "Mchanganyiko wa korosho na karanga *umekwisha*," hata kama korosho zilikuwa gunia zima. Michanganyiko, kwa wingi, ni pale tu ambapo una zaidi ya mmoja: wa korosho na karanga, na mwingine wa chevda. Likikaa nyuma ya nomino halibadiliki: nafaka mchanganyiko, matunda mchanganyiko. Usiandike "matunda michanganyiko."

Kisha kuna swali ambalo watu hunitumia hata usiku: ukiwa na orodha ya nomino za ngeli tofauti, kitenzi kifuate ipi? Vitu visivyo na uhai vikikutana, jamii ya *vi-* ndiyo inayovipokea vyote, kwa sababu vyote ni vitu: "Mkeka, sufuria na godoro *vimepakiwa* jahazini." Viumbe huchukua *wa-*: "Mzee na punda wake *wamevuka*." Kiumbe na kitu vikiwa pamoja, usipigane na sarufi, igeuze sentensi: badala ya kuhangaika na "mzee na mizigo yake," sema "Mzee amevuka pamoja na mizigo yake."

Hatua ya tano: lugha ya soko

Kama unaandika bei, jifunze neno *shelabela*. Kuuza shelabela ni kuuza vitu kama vilivyo, vizuri na vibaya pamoja, mnunuzi asichague. Wengi hulichanganya na *jumla*. Jumla inahusu wingi, na kinyume chake ni rejareja. Shelabela inahusu kutochagua. Unaweza kununua nazi kwa jumla zilizochambuliwa moja moja, zote zimekomaa. Na unaweza kununua tenga moja tu la maembe shelabela, ukifika chini ukute yaliyopondeka. Anayeuza shelabela hupunguza bei kwa sababu amekuhamishia kazi ya kuchambua. Naye mnunuzi hujiliwaza kwa methali: mchagua nazi hupata koroma.

Kwa mitumba mambo hugeuka. Robota likifunguliwa, nguo nzuri huchomolewa kwanza, wenyewe huziita kamera, na zinazobaki hurundikwa chini kwa bei moja. Rundo lile si mseto wala mchanyato. Ni rundo, na "rundo" ni neno zuri.

Hatua ya sita: maneno ya lawama, uyatumie ukijua

Mchafukoge limetoka kwenye chafuka, na chafuka si uchafu peke yake. Mabaharia wa hapa husema bahari imechafuka, nao wana maana ya mawimbi, si takataka. Tumbo huchafuka. Mji huchafuka. Kwa hiyo mchafukoge ni vitu vilivyochanganyika ovyo kwa msukosuko, bila mwenyewe. Litumie kwa kabati la ofisi baada ya uhamisho, kwa hotuba iliyogusa kila kitu isishike hata kimoja. Sinia ya kamba haijatenda dhambi hiyo.

Jirani zake ni hawa. *Shaghalabaghala* ni kielezi, hueleza jinsi vitu vilivyokaa: "Viti vimetupwa shaghalabaghala." Usiseme "kuna shaghalabaghala." *Mparaganyo* hudokeza kwamba palikuwa na mpango na sasa umevunjika, ndiyo maana hufaa kwa chama kilichokosana kuliko kwa droo la jikoni. *Mkanganyiko* ni wa akili na habari: matangazo mawili yakitoa tarehe mbili za safari ya boti, hapo pana mkanganyiko, ingawa boti zenyewe zimefungwa gatini kwa utaratibu.

Hatua ya saba: aina nyingi si lazima ziwe zimechanganyika

Duka la vitambaa lina khanga upande mmoja, leso za mkono upande mwingine, na vikoi kwenye rafu ya juu. Hakuna kilichochanganyika. Mwandishi anayesema "mchanganyiko wa vitambaa" amevishusha vyote sakafuni. Hapa unataka *mbalimbali*, *anuwai*, *aina aina* au *kila namna*.

Mbalimbali huandikwa neno moja. Ukiligawa, "nyumba mbali mbali," msomaji anaweza kuelewa nyumba zilizo mbali na mbali. Halichukui kiambishi cha ngeli, na methali inalitunza: mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Neno "tofauti" likiandikwa mara moja tu, "bei tofauti," laweza kumaanisha bei isiyo ile ya jana. "Bei tofauti tofauti" ndiyo inayosema ziko nyingi. Anuwai limekuja na Kiarabu likiwa tayari na maana ya wingi, aina nyingi. Wapo wanaokemea "anuwai nyingi" kwamba ni kurudia. Mimi sikemei, maana Mswahili anayelitumia hakulipokea pamoja na sarufi yake ya kwao. Ila lina harufu ya ofisi. Liko nyumbani kwenye bayoanuwai na ripoti, na kwenye bango la khanga linavaa tai.

Ukifika kwa watu na lugha

Punguza mwendo. *Chotara* halina tatizo kwa ng'ombe wala mbegu za mahindi. Kwa mtu, linategemea nani analisema na kwa sauti gani, nami silitii kwenye maandishi ya umma isipokuwa mwenyewe amejiita hivyo. "Watu wa kila sampuli" lina kejeli ndani yake, kana kwamba umewaona dukani. Wakati wa Maulidi Lamu hujaa wageni kutoka pwani nzima na ng'ambo; andika "watu kutoka sehemu mbalimbali," au bora zaidi, zitaje sehemu zenyewe.

Kwa lugha, anayeingiza neno la kigeni katikati ya sentensi anachanganya ndimi, na kitu kilichozaliwa na asili mbili huitwa mahuluti. Washairi nao wana neno lao: shairi lililounganisha bahari kadhaa, yaani aina kadhaa za mashairi, huitwa sakarani, neno lilelile wanaloitwa walevi. Kila ninapolisoma shairi la namna hiyo na mizani yake inayopepesuka, nahisi aliyelipa jina alikuwa mtu wa mzaha.

Ile menyu ya Malindi tuliimaliza mpishi na mimi, tumesimama kwenye mlango wa jiko. Tulijaribu "mseto wa bahari," akakataa kwa haki kabisa, kwamba yeye hapondi kamba. "Mchanganyiko wa bahari" ulikuwa sahihi na baridi. Mwisho niliandika: "Sinia ya Bahari: samaki, kamba, ngisi na pweza." Akaisoma mara mbili, akaniomba kalamu, akaongeza mwenyewe, "na kachumbari."